Homa ya ndege: anza na viatu vyako

Wafugaji wengi wakisikia homa ya ndege hutazama juu. Mimi hutazama miguuni. Ni kweli bata wa porini hubeba virusi hivyo, mara nyingi bila hata kuumwa, na huvitoa kwa kinyesi na mate. Lakini vinaweza kuingia bandani kwa kiatu, trei ya mayai au tairi la mkokoteni bila bata yeyote kukaribia. Kuku akishaugua hakuna dawa ya kumponya, kwa hiyo kazi yote ni ya kabla.

Hatua ya 1: Mlango. Tenga gambuti za bandani zisizotoka nje kamwe. Mlangoni simamisha ubao wa kimo cha goti. Unavua vya nje upande huu, unavusha mguu, unaukanyagia moja kwa moja ndani ya gambuti upande wa pili. Vifaa vya bandani, koleo na ndoo, navyo vibaki humo.

Na beseni la dawa? Nililiamini miezi kadhaa, mpaka siku moja nilipolikoroga na kukuta chini tope na mavi matupu. Klorini huishiwa nguvu ikikutana na uchafu, kwa hiyo nilikuwa nachovya viatu kwenye uji. Sugua kiatu kwanza kwa brashi na sabuni, ndipo uchovye, kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye chupa. Badilisha dawa kila siku, na mapema zaidi ikichafuka.

Hatua ya 2: Maji, chakula, paa. Lishia ndani, pumba iliyomwagika nje huwaita ndege wa porini. Usinyweshe maji ya bwawa wanakotua bata kabla ya kuyatia dawa ya kusafisha maji, maana virusi hukaa muda mrefu kwenye maji ya baridi. Wavu uwe na matundu yasiyozidi sentimita 2.5, lakini juu ezeka bati au turubai: wavu humzuia ndege, kinyesi chake hupita.

Hatua ya 3: Wageni. Kuku mpya akae peke yake siku 30, na umhudumie mwisho. Kuku aliyekwenda sokoni akakosa mnunuzi naye ni mgeni anaporudi. Hapa wengi huteleza. Trei za karatasi zikitoka zisirudi. Bata wa kufugwa wasichanganywe na kuku, kwani bata anaweza kuwa na virusi na akaonekana mzima.

Hatua ya 4: Ukiona dalili. Vifo vya ghafla, kichwa kuvimba, upanga na ndevu kugeuka rangi ya zambarau, mayai kupungua au kuwa na ganda laini, shingo kupinda. Utasema ni mdondo (kideri, yaani Newcastle), na kwa macho hutaweza kuutofautisha. Maabara ndiyo itakayosema. Kuku kuchanjwa mdondo hakumkingi na homa ya ndege.

Funga banda, mpigie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usiuze, na usichinje walio hoi ili kuokoa hela: kunyonyoa na kutoa matumbo ndiko kunakompa binadamu virusi kwa urahisi. Watoto wakae mbali. Mzoga usiuguse bila glovu na barakoa, usiutupe mtoni, na usimrushie paka. Paka naye hufa kwa ugonjwa huu.