Kula Vyakula vya Sikukuu za Ireland kwa Kujali Afya

Vyakula vya sikukuu za Ireland vina sifa ya kuwa vizito, lakini kwa maoni yangu sifa hiyo haivistahili. Mezani siku ya Mtakatifu Patrick, tarehe 17 Machi, utakuta kabichi, viazi, karoti na nyama iliyochemshwa, wala si vyakula vilivyozama katika mafuta. Kinachohitaji uangalifu ni chumvi na siagi.

Tuanze na chumvi, kwa kuwa ndiyo kubwa zaidi. Nchini Ireland kwenyewe nyama inayoliwa na kabichi ni ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi, ilhali ile ya ng'ombe iliyotiwa chumvi ilienea zaidi miongoni mwa watu wa Ireland waliohamia Marekani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi isiyofikia gramu 5 kwa siku, na vipande vichache vya nyama hiyo vinaweza kumaliza sehemu kubwa ya kiasi hicho. Kwa hiyo, iloweke nyama usiku kucha katika maji baridi ndani ya friji, uyamwage maji hayo, uibandike katika maji mapya, na yakianza kuchemka uyaonje. Yakiwa bado makali kwa chumvi, yamwage pia uanze upya. Kabichi, ambayo kwa desturi hupikwa katika mchuzi wa nyama na kufyonza chumvi yake, ipike kando kwa dakika chache tu, kisha uinyunyizie pilipili manga na upawa mmoja wa mchuzi ili isipoteze utamu wake wa asili. Hata ukifanya hivyo, nyama ya aina hii ibaki kuwa ya sikukuu na iwe vipande viwili vyembamba, kwani mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya shirika hilohilo iliorodhesha nyama zilizosindikwa miongoni mwa visababishi vya saratani.

Colcannon, yaani viazi vilivyopondwa na kuchanganywa na kabichi au sukuma wiki, huliwa hasa sikukuu ya Halloween, tarehe 31 Oktoba. Hapa badilisha uwiano: majani yawe nusu ya sufuria, kwa sababu viazi havihesabiwi katika zile gramu 400 za matunda na mboga zinazopendekezwa kwa siku. Pondea viazi kwa maziwa ya moto yaliyochemshwa pamoja na vitunguu vya majani, na siagi usiichanganye ndani kabisa. Weka kipande kidogo katika kishimo juu ya viazi vikiwa sahanini, kama ilivyo desturi, kila tonge lichovywe humo, nawe utaonja siagi kikamilifu ingawa ni kidogo.

Mchuzi wa kondoo ndio chaguo langu kwa asiyekula nguruwe. Upike siku moja kabla, uuache upoe katika friji, kisha uondoe mafuta yaliyoganda juu kabla ya kuupasha moto. Usindikize kwa mkate wa bikaboneti ya soda uliookwa kwa unga wa ngano isiyokobolewa na mtindi mwepesi, ambao ni mtamu hata bila siagi ukiwa bado na joto.

Krismasi, hasa mjini Cork, huja na nyama ya ng'ombe yenye viungo, nayo pia huhifadhiwa kwa chumvi. Ikate nyembamba ikiwa baridi, uile pamoja na saladi ya kabichi mbichi na tufaha.