Kabla Hujamkabidhi Rafiki Hatamu za Farasi Wako

Rafiki anaweza kuwa mtu unayemwachia ufunguo wa nyumba bila wasiwasi, lakini farasi hana habari na urafiki wenu. Anachokijua yeye ni uzito ulio mgongoni, mkono ulioshika hatamu na miguu inayombana ubavuni. Kwa hiyo uaminifu wa rafiki ni mwanzo tu. Mpime akiwa juu ya farasi, nawe umesimama hapo hapo.

Anza na uzito. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima mzunguko wa kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, gawanya kwa 11,877. Vipimo vikiwa vya sentimita, jibu ni kilo. Farasi mwenye mzunguko wa 170 na urefu wa 160 ana kilo 390 hivi. Mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito huo, yaani kilo 78. Tandiko lenyewe mara nyingi lina kilo 8 hadi 10, hivyo rafiki wa kilo 68 amefika kikomo. Kwa mtu asiyezoea, au kwa milima kama ya Mufindi na Rungwe, shusha zaidi, maana anayeyumba humchosha farasi kuliko kilo zake. Akizidi, mwambie wazi. Ataelewa, na asipoelewa mgongo wa farasi unakuhusu zaidi.

Chagua asubuhi kavu, ukungu ukishapanda. Masika udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na jioni visubi huanza kuuma. Hao ndio wanaoeneza homa ya farasi. Akishakula nafaka, subiri angalau saa moja.

Panda wewe kwanza kwa dakika 10, rafiki akitazama. Mwonyeshe sauti unayotumia kumsimamisha, mguu unavyomgusa, na kile kinachomshtua. Mwingine huogopa turubai linalopepea, mwingine mbwa. Ukishuka, mvue farasi tandiko na vifaa vyote, umwache rafiki atandike mwenyewe. Hapa utajifunza mengi kumhusu kuliko akishapanda.

Aanze kwa kusugua mgongo na pale mkanda wa tumbo unapopita, maana punje moja ya mchanga yatosha kutoboa ngozi. Ainue kwato zote nne, atoe mawe. Tandiko likae nyuma ya mfupa wa bega, na juu ya kinundu cha mabegani pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Mkanda ukazwe kidogo kidogo, si kwa mkupuo mmoja, kisha ukazwe tena baada ya dakika 5 za kutembea. Farasi wengi hujaza kifua wakati wa kufungwa, na mkanda ulioonekana umekaza hulegea baadaye. Tandiko likizunguka, mpandaji huishia chini ya tumbo. Kikuku cha kukanyagia kiwe kipana kuliko kiatu kwa sentimita 2.5 hivi. Kandambili hapana. Mabuti ya mvua yenye soli nene pia hapana, kwa sababu hunasa, na kuburutwa mguu ukiwa umenasa ni hatari kuliko kuanguka kwenyewe. Kofia ngumu ya kupandia farasi ni lazima. Ile ya bodaboda ni nzito na huziba masikio.

Ndani ya uzio aanze kwa mwendo wa kutembea tu. Kabla ya mwendo wa matiti, yaani kukimbia polepole, afanye mara tano kila upande zoezi la kusimamisha kwa hatamu moja: alegeze ya pili, avute hii taratibu kuelekea goti lake, farasi azunguke duara dogo hadi asimame, kisha alegeze papo hapo. Asijaribu kwenye mteremko wala farasi akienda shoti, yaani mbio kali, wataanguka wote wawili. Ukiona anajishikilia kwa hatamu ili asianguke, mshushe. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, linaumiza mdomo, na farasi anayeumizwa hujifunza kukimbia mkono.

Nje ya uzio aende baada ya mara tatu nzuri, akiwa na mwenzake. Njia za mashambani ndizo salama. Barabara kuu ya kwenda Tunduma ina malori mengi mno. Kwenye misitu ya misonobari aangalie visiki na magari ya magogo.

Mkumbushe pia mambo ya mdomo. Asimfunge farasi chini ya mparachichi, mti uliojaa kwetu Njombe na Rungwe, kwani majani na matunda yake ni sumu kwa farasi. Asimpe mahindi yenye ukungu hata kiganja kimoja. Huweza kuharibu ubongo. Akimfunga popote, atumie kamba ya kichwani, kamwe si hatamu.

Kabla ya yote kubalianeni nani atalipa daktari wa mifugo au hospitali likitokea la kutokea. Mazungumzo haya ni mepesi kabla ya ajali, baada yake ni ugomvi.

Akirudi, dakika 10 za mwisho ziwe za kutembea. Hesabu mapigo ya moyo nyuma ya kiwiko cha kushoto: baada ya robo saa ya kupumzika yawe chini ya 60 kwa dakika, na farasi aliyetulia kabisa huwa na 28 hadi 44. Mpe maji. Kesho yake pitisha kiganja mgongoni na miguuni. Ukikuta uvimbe, joto au manyoya yaliyosuguka, mpumzishe, kisha mwite rafiki aje aguse mwenyewe pale tandiko lilipokosea.