Kuomba uzamivu wa uuguzi Marekani: DNP au PhD?

Mwongozo huu ni wa nesi ambaye tayari ana leseni ya RN (nesi aliyesajiliwa) Marekani na shahada ya kwanza au ya uzamili. Kabla hujagusa fomu, amua unaomba nini. DNP (Doctor of Nursing Practice) ni ya kazi yenyewe: kuhudumia wagonjwa kwa ngazi ya juu au kuongoza idara. PhD ni ya utafiti na kufundisha chuoni. Anayetaka nusukaputi hana la kuchagua, kwani tangu 2022 kila mwanafunzi mpya wa fani hiyo huingia moja kwa moja kwenye uzamivu, tena awe amefanya kazi ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) angalau mwaka mmoja. Lakini kwa nurse practitioner, yaani nesi wa ngazi ya juu anayepima na kuandikia wagonjwa dawa, uzamili bado unatosha kupata leseni. Matangazo ya vyuo hayatakuambia hivyo.

Hatua ya kwanza ni ithibati. DNP iwe na ithibati ya shirika linalokagua programu za uuguzi, kama CCNE au ACEN. PhD usiitafute huko. Angalia ithibati ya chuo kizima.

Ukipenda DNP ya mtandaoni, uliza kama chuo kinaruhusiwa kufundisha wakazi wa jimbo lako, kisha uliza nani anatafuta kliniki na msimamizi wa mazoezi. Vyuo vingi humwachia mwanafunzi mzigo huo. "Tutakusaidia" si jibu. Waambie waandike kwenye barua pepe.

Vyeti vya nyumbani ndivyo huchelewesha watu, kwa hiyo vianze mapema. Kama ulisoma Kenya au Tanzania, chuo kwa kawaida kitakutaka upitie shirika linalotathmini vyeti vya nje, kama WES au CGFNS (sasa TruMerit), na matokeo yatumwe na chuo chako cha zamani chenyewe, si wewe. Mtume ndugu akafuatilie kwa msajili, maana barua pepe pekee hulala. Hakikisha jina ni lilelile kila mahali: kama transkripti ina jina la baba na leseni ina la mume, ambatanisha cheti cha ndoa au hati ya kiapo.

Mwenye uzamili aombe pia barua ya kuthibitisha saa zake za mazoezi. Programu nyingi za DNP hudai saa 1,000 baada ya shahada ya kwanza, na za uzamili huweza kuhesabiwa, ila kwa kawaida transkripti haizionyeshi.

Kwa PhD, mwandikie profesa kabla ya kuomba. Usiandike "napenda utafiti". Andika: "Nafanya kazi kitengo cha kusafisha damu, nataka kujua kwa nini wagonjwa wahamiaji hukatiza matibabu." Aya mbili zinatosha. Fomu zenyewe mara nyingi hujazwa kupitia NursingCAS, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi vya uuguzi, na milango mingi ya PhD hufungwa Desemba au Januari.

Upande wa pesa, PhD mara nyingi huja na ufadhili. DNP kwa kawaida utajilipia mwenyewe. Raia na wenye green card wanaolenga ualimu waulizie Nurse Faculty Loan Program, mkopo wa serikali kwa walimu watarajiwa wa uuguzi: ukifundisha uuguzi miaka minne, hadi asilimia 85 ya mkopo hufutwa. Mwenye viza ya mwanafunzi (F-1) hahusiki nao, wala DNP ya mtandaoni mtupu haimfai, kwa sababu kila muhula somo moja tu la mtandaoni ndilo huhesabiwa kwenye masomo anayotakiwa kubeba.