Kunyanyua bagi la petroli kwenye mawe ya Jambiani

Njia ya kwetu Jambiani ukishatoka kwenye lami kuelekea pwani si njia, ni mwamba. Masika yakipita mchanga unachukuliwa, jiwe la matumbawe linazidi kuota, na baina ya mapito mawili ya tairi pamebaki kinundu kinachosubiri matumbo ya watu. Bagi la wageni, yaani kile kigari cha gofu, limetengenezwa kupita juu ya majani yaliyofyekwa. Hapa linabeba masanduku asubuhi, na jioni viroba vya mwani vya jirani. Lilikuwa haliishi kuletwa kwangu. Mwisho mwenye nyumba ya wageni kanambia, "Fundi, linyanyue tu."

Lenyewe ni Club Car DS ya petroli, ya 1998. Nitaeleza nilivyolifanya, pamoja na pale nilipoharibu. Vyuma vya kunyanyulia mie naviita seti. Siku ya kwanza nilimwambia mwenyewe aagize "kiti" Dar, yaani "kit" ya Kiingereza, akanijibu viti vyake bado vizima.

Kabla hujatoa pesa, jua nini khasa kinapanda. Seti inanyanyua fremu na bodi. Ekseli ya nyuma na difu lake, lile sanduku la gia lililo juu yake, vimebebwa na tairi, kwa hiyo vinapanda kwa tairi kubwa tu, tena nusu ya tofauti. Tairi la asili lina kimo cha inchi 18. Ukitia la inchi 22, difu limepanda inchi 2, basi. Mtu kanunua seti ya inchi 6, anakaa juu kama yumo kwenye daladala la shamba, na jiwe lile lile linagonga difu lile lile.

Halafu kuna gharama ambayo muuzaji haitaji. Tairi la 22 badala ya 18 linakwenda mbali zaidi kwa asilimia 22 kila mzunguko mmoja. Bagi la kilomita 20 kwa saa linafika 24 na injini haijaongeza chochote. Lakini penye mlima au mchanga mzito linakaba, na mkanda unakula taabu. Breki nazo, ambazo kwenye bagi hili ziko nyuma tu, za ngoma na waya, zinashika kwa nguvu pungufu, kama asilimia 18.

Kwa hiyo nililala chini na tochi nikatafuta mikwaruzo. Yote ilikuwa kwenye fremu na chini ya ubao wa miguu; difu halikuwa na hata alama. Hapo nikajua inchi 6 ni za maonyesho. Tukaagiza seti ya inchi 4 na tairi za 20x10-10, yaani za kimo cha inchi 20. Fremu imepanda inchi 5, difu inchi 1, inatosha.

Ukiagiza, soma namba ya bagi kwanza. Kwenye DS ikianza na AG ni la petroli, AQ ni la umeme, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. Wauzaji wa seti hutenganisha DS za kabla ya katikati ya 2003 na za baada yake, kwa sababu ya vyuma vya mbele. Na seti ya bagi la umeme usiichukue kwa kuwa ni rahisi au ipo dukani. Nyuma hazifanani.

Usiku wa kuamkia kazi, mwagia dawa ya kutu kwenye kila nati utakayoifungua. Fremu ya DS ni ya aluminiamu, na hilo kwetu ni neema, haiozi kama chuma. Lakini bolti zake ni za chuma, na chuma kikishikana na aluminiamu kwenye upepo wa chumvi hugandana kama vilivyochomelewa. Bolti moja ya shokapu ilinichukua saa nzima. Moto hapana, hata kidogo: tangi la petroli liko pale chini ya kiti. Subira, dawa, na spana ndefu.

Asubuhi, kitu cha kwanza ni kutoa waya hasi wa betri. Bagi la petroli haliwashwi kwa ufunguo kama gari. Ufunguo ukiwa wazi, ukigusa pedeli ya mafuta tu starta inazunguka na injini inawaka. Kijana wangu aliwahi kuiegemea kwa goti bagi likiwa juu ya jeki. Tangu siku hiyo waya wa betri nautoa mwenyewe kwa mkono wangu.

Linyanyue kwa fremu, tia stendi mbili. Huna stendi, magogo ya mvinje yaliyokatwa sawasawa yanafaa. Tofali la saruji usilitie: linabeba, linabeba, halafu linapasuka bila salamu.

Mbele ni kazi ya kubadilisha spindo, yaani lile kono la chuma linalobeba habu ya gurudumu. Toa tairi, kifuniko cha vumbi, kota pini (kile kipini kinachozuia nati isifunguke) na nati ya kati, kisha vuta habu polepole ukikinga mkono, beringi ya nje hupenda kuangukia mchangani. Achia ncha ya tai rodi, lile fito la usukani, toa kingi pini ambayo spindo huzungukia, na spindo la zamani linatoka. Jipya lina mhimili ulioshushwa chini, ndiyo siri yote ya kunyanyua mbele. Hapo tia bushi mpya, usirudishe za zamani hata zikionekana nzima, na jaza grisi mpaka itoke pembeni. Beringi zioshe kwa mafuta ya taa, zikauke, uzipake grisi upya. Nati ya habu ikaze hadi gurudumu ligome kidogo, kisha irudishe kidogo mpaka lizunguke huru bila kucheza. Kota pini mpya. Bei yake haifiki ya andazi.

Nyuma ndiko nilikoharibu. Seti yangu ilikuja na vipandio viwili vya chuma vya kukaa baina ya springi na ekseli, pamoja na yu-bolti ndefu, zile bolti za umbo la U. Fungua bolti za chini za shokapu, shikilia ekseli kwa jeki ya pili, legeza yu-bolti za zamani, halafu shusha ekseli taratibu mpaka kipandio kiingie. Sasa tazama: springi ina senta bolti, yaani bolti ya katikati, na kichwa chake hutokeza kidogo. Kipandio kina tundu la kukipokea kichwa hicho. Upande wa kulia kikaingia. Upande wa kushoto kikakaa pembeni ya tundu, kama upana wa kidole, nami nikakaza bila kuchungulia kwa kuwa adhana ya adhuhuri ilikuwa karibu. Tulipolishusha na kulitia njiani, bagi likaenda upande kama kaa. Usukani uko sawa, watu wanatazama baharini. Ilibidi nifungue kila kitu upya. Basi kabla hujakaza, tia kidole uhisi kichwa kimezama, pande zote mbili. Yu-bolti zikaze kwa kupokezana, nati hii kidogo na ile kidogo, na nyuzi zibaki sawa urefu kila upande.

Sasa jambo ambalo mwenye bagi la umeme halimhusu sana. Injini yetu imeungana na difu, ukilinganisha na bodi zote mbili zimeshuka pamoja. Tangi na pedeli vimebaki juu kwenye bodi. Kila kinachounganisha huku na huku kimevutwa: mpira wa petroli, waya wa mafuta, waya wa gia, nyaya za starta, waya za breki. Acha bagi lining'inie, magurudumu ya nyuma hayagusi chini, maana hapo ndipo mvuto ni mkubwa kabisa. Pitia kimoja kimoja kwa mkono. Mpira wa petroli ukiwa umenyooka kama kamba ya jahazi, badilisha, tia mrefu wa aina ya petroli, si wa maji, na uupitishe mbali na bomba la moshi. Waya wa mafuta ukivutika, injini itapandisha sauti wenyewe hamjakanyaga. Wa breki ukivutika, ngoma zitachemka na utadhani injini imechoka. Seti yangu ilikuwa na vibao vya kushushia waya za breki. Yako ikiwa haina, ulizia kabla hujalipa.

Nati za magurudumu kwenye Club Car hukazwa kama futi-pauni 55, ndiyo nyutoni-mita 75 hivi, kwa mtindo wa msalaba. Usikaze kwa mguu juu ya spana, bagi si lori.

Ukishalishusha, tairi za mbele zitakuwa zimeachama au zimekunjana. Chora alama ya chaki katikati ya kila tairi kwa mbele, kwa urefu wa habu, pima kwa tepu kutoka alama hadi alama. Sukuma bagi mpaka alama ziende nyuma kwa urefu ule ule, pima tena. Mbele pawe pafupi kuliko nyuma kwa milimita 3 hivi. Zungusha tai rodi mpaka ufike, kaza nati ya kufungia.

Majaribio, peke yako kwanza, bila masanduku. Breki mara kumi kwenye lami mpaka ujue linasimama wapi sasa. Halafu kona, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Bagi lililonyanyuliwa lina kichwa kizito, na mgeni akisimama nyuma kupiga picha ndiyo kabisa. Sisi tumemkataza dereva kukata kona ya dukani kwa kasi, na watu wakipanda wanne hakuna anayening'inia. Baada ya siku moja nikaingia tena chini na spana: nati mbili za yu-bolti zilipokea robo mzunguko, na moja ya gurudumu. Baada ya wiki hakuna iliyosogea.

Kilichobaki sikukifikiria mie wala mwenye bagi. Mama yake, bibi wa miaka sabini na ushei ambaye huchukuliwa kila Ijumaa kwenda kwa dada yake Makunduchi, alifika, akashika nguzo ya paa, akanyanyua mguu, akaushusha. "Mwanangu, mmenipandishia kitanda?" Nikamtengenezea kidaraja cha bomba na ubao, kimefungwa kwa bolti bila kuchomelea chochote kwenye aluminiamu, sentimita 30 kutoka chini. Anapanda mwenyewe, mkoba kwanza.