Mwanachuo wa Kigoma, rudi chuoni na dagaa

Nilisomea ualimu wa kemia Dodoma; leo nauza dagaa Kibirizi, mwalo wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, na wadogo zangu wa vyuoni wakija likizo huniuliza waanzeje.

Tazama mwezi kwanza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika na bei hupanda. Nunua wakati wa giza. Uliza pia kama ziwa limefunguliwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Kazi yenyewe ni kukagua. Zamisha mkono hadi chini ya gunia, maana wa juu ni wa maonyesho. Dagaa mkavu huvunjika kwa mlio. Akijikunja bado ana maji, na njiani atavunda. Kisha tafuna mmoja. Ukisikia mchanga menoni, alianikwa chini badala ya chanjani, na mama ntilie wa chuoni hatanunua kwako tena.

Safirisha kwa kiroba kinachopitisha hewa. Bwenini uza kwa vifungashio vya nusu kilo, taslimu. Habari za “nitakulipa bumu likitoka”, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, usizisikilize, hata kwa mwenzako wa chumba. Bumu likitoka, watu hubadilisha korido.