Namna ya Kumfundisha Mjukuu Kuheshimu Msitu wa Karura

Mjukuu anapokuja Nairobi kutoka kijijini wakati wa likizo, mpeleke Karura asubuhi na mapema, kabla njia hazijajaa watu. Usianze kwa makatazo. Mwache kwanza asimame kimya karibu na maporomoko ya maji, kisha umwulize amesikia sauti ngapi za ndege. Mkifika penye mugumo, mti wa jamii ya mitini, mweleze kwamba wazee wa Kikuyu waliomba chini ya mti huo na hawakuukata ovyo, nawe umwonyeshe tini zinazowalisha ndege na kima. Kima wenyewe msiwape chakula.

Jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote ni kumsimulia, polepole na bila kumtisha, kwamba mwaka 1999 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda miti katika msitu huu, wakati sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi ili zijengwe. Mpe nafasi ya kuuliza. Maswali yatakuwa mengi.

Akirudi kijijini, mfungashie mche wa mti wa kienyeji, aupande mwenyewe mvua zitakapoanza.