Injini inapumua? Cheki valvu ya pisivi kabla hujakubali kufungua ringi

Wakuu, kabla hujakubali injini ifunguliwe eti ringi za pistoni zimekufa, chukua nusu saa uangalie valvu ya pisivi (PCV), kale kavalvu kanakotoa gesi iliyonaswa chini ya injini. Nasema hivi kwa uchungu. Gari yangu ni mchomoko wa kubeba abiria Tabora kwenda Sikonge, injini ya petroli, na gereji nilikokuwa napeleka walinibadilishia sili ya kranki (mpira unaozuia oili kwenye mhimili wa injini) mara mbili ndani ya miezi mitatu, oili ikarudi kuvuja palepale. Sili ya kwanza haikuwa na shida na ya pili nayo haikuwa na shida, kilichokuwa kinaisukuma oili nje ni presha iliyokosa pa kutokea. Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi aliyezeekea kwenye malori ya tumbaku Urambo, alifungua boneti akakuta stiki ya oili imejiinua yenyewe, akaniuliza, "Mwanangu, hii injini yako inatolea wapi hewa?" Nikabaki namwangalia tu.

Iko hivi. Ringi za pistoni hata zikiwa mpya haziwezi kuziba kabisa, kila moto unapowaka juu kuna gesi kidogo inapenya pembeni ya pistoni inashuka huku chini kwenye kranki na sampu (bakuli la oili chini ya injini), na hiyo gesi imebeba mvuke wa maji, petroli ambayo haijaungua na masizi. Ikibaki humo ndani inaharibu oili inakuwa tope jeusi, na presha inapanda mpaka itafute mlango, na mlango wake ni sili, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) au kitundu cha stiki. Zamani injini zilikuwa na bomba tu la kumwaga hiyo hewa chini barabarani. Kule California ndo walianza kudai gari mpya ziwe na mfumo wa kuirudisha hiyo gesi ndani ikaungue, ilikuwa 1961, kwa sababu ya moshi uliokuwa umejaa mjini. Kwa hiyo leo manifoldi (bomba la kuingiza hewa kwenye silinda) inainyonya gesi kupitia valvu ya pisivi, na hewa safi iliyopita kwenye eya klina inaingia kwenye tapeti kava kwa hozi nyingine. Hozi mbili, moja inaingiza, moja inatoa. Ukilishika hilo umemaliza nusu ya kazi.

Valvu yenyewe ni ndogo kama kidole gumba, ndani ina kipini na springi. Gari ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, manifoldi inavuta kwa nguvu sana, kipini kinabana njia ili isipite hewa nyingi, ukikanyaga mafuta njia inafunguka zaidi. Sasa ikijaa tope inaganda, ama imeganda imefunga ama imeganda imefungua, na dalili zake haziko sawa. Ikifunga: oili inavuja sehemu ambazo hazina sababu, stiki inapanda, na ukifungua boksi la eya klina unakuta oili imelowesha filta, maana gesi imekosa njia yake ikarudi kinyumenyume kwa hozi ya hewa safi. Hiyo ya oili kwenye filta iweke kichwani, ilikuwepo kwenye gari yangu miezi yote hiyo na hakuna aliyejiuliza. Ikibaki wazi: sailensi inapanda na kushuka, gari inatetemeka ukisimama kwenye taa za barabarani, saa ingine taa ya cheki injini inawaka, oili inapungua na moshi wa bluu unatoka nyuma.

Kupima ni bure. Washa gari, iache sailensi, fungua mfuniko wa oili, chukua karatasi ya daftari uilaze juu ya tundu (ishike pembeni isije ikaingia ndani, na usiiname uso, injini zingine zinarusha oili). Mwambie mtu azibe ile hozi ya hewa safi. Karatasi ikinyonywa chini ndani ya dakika moja hivi, mfumo unavuta, safi. Ikirushwa juu inapepea, hapo kuna presha. Kisha kama valvu yako ni ile ya kuchomeka kwenye mpira, ichomoe kutoka kwenye kava ikiwa bado kwenye hozi yake, injini inaunguruma, weka kidole kwenye mdomo wake: unatakiwa usikie kidole kinavutwa na kipini kinagonga tak. Kama ni ya nyuzi (ya kukazwa kwa kuzungusha), bana hozi yake kidogo kwa plaisi uliyozungushia kitambaa, usikilize kama valvu inagonga na mlio wa injini unabadilika kidogo. Isipobadilika chochote, kuna kilichoziba.

Kuisafisha sasa. Zima gari isubiri ipoe kabisa, nimeona mtu kaungua mkono kwa haraka tu. Toa klipu, zungusha hozi taratibu usiivute kwa nguvu maana mpira wa zamani unakatika kama biskuti, toa valvu. Itikise sikioni, nzima inapiga kachakacha, iliyoganda iko kimya. Ipulizie spreyi ya kusafishia kabureta pande zote mbili mpaka kinachotoka kiwe cheupe, kama huna ilaze kwenye petroli kwenye kopo nusu saa, nje kwenye hewa, mbali na sigara na jiko. Usiingize waya, unakwaruza njia. Ikishakauka ipulize kwa kipande cha mpira safi: upande wa injini (unaokaa kwenye kava) hewa inapita, upande wa manifoldi inagoma au inapita kwa shida. Ikipita sawasawa pande zote, au bado haipigi kachakacha, weka mpya tu, na iwe ya injini yako kabisa. Kuna mtu atakuambia hii inaingia, ni kweli inaingia lakini kipini na springi vimepimwa kwa injini nyingine.

Safisha na tundu la kwenye kava na ndani ya hozi, mara nyingi tope liko huko. Hozi ikiwa imelainika kama ulimi au ina nyufa, tupa. Hapa watu wengi wanaharibu, wanaweka mpira wa maji, huo unavimba kwa oili na unajikunja ukivutwa, wiki mbili umerudi palepale. Nunua ya kuhimili oili. Kwenye kufunga valvu ya nyuzi usikaze kwa hasira, kava nyingi ni alumini au plastiki.

Na tafadhali msichomoe hiyo hozi mkaielekeza chini ndo mkasema mmeponya. Kitundu cha manifoldi kikibaki wazi kinavuta hewa isiyopita kwenye filta, na huku kwetu Agosti ukiacha lami ukaingia barabara za ndani za vijijini lile vumbi jekundu linaingia moja kwa moja kwenye silinda, sasa hapo ringi zitakufa kweli.

Mwenye dizeli, nyingi hazina hii valvu ya kutikisa, zina hozi tu au kidude chenye diaframu ya mpira, angalia isiwe imeziba wala kutoboka. Usipuuze, dizeli ikinyonya oili nyingi injini inaweza kuunguruma kwa kasi yenyewe hata ukizima swichi.

Mimi naicheki kila nikimwaga oili, na kuisafisha kila mara ya pili. Wanaozunguka mjini tu, safari fupi fupi, wacheki zaidi, hasa asubuhi za baridi za Juni na Julai, injini haipati joto la kukausha maji na chini ya mfuniko wa oili unakuta uji mweupe.

Ukishafunga, rudia karatasi. Kama bado inarushwa na hozi zote ni safi, hapo ndo umwambie fundi apime kompresheni (nguvu ya mgandamizo) silinda moja moja kabla ya kufungua chochote. Kama inanyonywa, futa kwa kitambaa oili yote ya zamani iliyo nje ya injini, nenda mpaka Ipole, kule mbele ya Sikonge, urudi, halafu tandika boksi kavu chini ya gari usiku kucha. Asubuhi boksi langu lilikuwa kavu, na ile sili ya tatu niliyokuwa nimeshainunua niliirudisha dukani.